Ketoni baada ya moyo kusimama: kabla hatujashangilia, tuulize ni dakika ya ngapi

Tarehe 5 Oktoba 2015 duara liliporomoka katika mgodi wa dhahabu wa Nyangalata, Kahama, mkoani Shinyanga. Wachimbaji wadogo sita wakabaki chini. Watu wa juu walitafuta, wakachoka, wakaanza kuomboleza. Tarehe 15 Novemba, siku 41 baadaye, watano wakatolewa wakiwa hai. Mwenzao wa sita alikuwa ameshafariki. Walikuwa wameishi kwa mende, vyura na mizizi, wakinywa maji yaliyochuruzika kutoka kwenye mawe.

Nilikuwa kidato cha sita wakati huo, na mtaani kwetu hakukuwa na stori nyingine. Wengi walisema ni muujiza, na sina ugomvi nao. Lakini mwalimu wetu wa baiolojia alituuliza swali ambalo sijawahi kulisahau: "Sawa, misuli ilikonda. Je, ubongo ulikula nini?"

Ni swali zito. Ubongo wa mtu mzima ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini unatumia kama asilimia 20 ya nishati yote akiwa amepumzika. Chakula chake cha kawaida ni sukari, yaani glukosi. Akiba ya sukari iliyomo kwenye ini inaisha ndani ya kama siku moja ya kutokula. Mafuta mwilini yapo, ila ubongo hauwezi kuyachoma moja kwa moja kwa kiasi cha kuutosha. Sasa siku 41 zilipitaje?

Jibu ni ketoni. Mtu asipokula, ini huchukua mafuta, huyakatakata na kutengeneza vipande vidogo vinavyoyeyuka kwenye damu na kuweza kuingia kwenye ubongo. Vipo vitatu: asetoasetati, beta-haidroksibutireti na asetoni. Hapa nitaviita ketoni tu, ila ujue kwamba anayezungumziwa zaidi kwenye tiba ni huyo wa katikati. Mwaka 1967 kundi la George Cahill kule Boston lilipima damu inayoingia na inayotoka kwenye ubongo wa watu watatu wanene waliokuwa wamefunga kula kwa wiki tano hadi sita chini ya uangalizi. Likakuta kwamba ketoni ndizo zilizokuwa zinabeba sehemu kubwa ya mzigo wa nishati, takriban theluthi mbili, badala ya sukari. Wiki tano hadi sita! Hiyo ndiyo kalenda ya Nyangalata. Hakuna aliyewapima ketoni wale watano wakiwa chini, lakini fiziolojia ya mwili wa binadamu ni ileile, iwe Boston au Kahama.

Nimeanza na habari hii kwa sababu kwenye kikao chetu cha kusoma makala, wiki chache zilizopita, tulipitia maandiko yanayopendekeza ketoni zitumike kama tiba kwa mtu ambaye moyo wake ulisimama ukarudishwa. Nusu ya chumba ilitoka imefurahi sana. Mwenzetu mmoja alisema, "Kama ziliokoa ubongo wa watu wa Nyangalata, kwa nini zisiokoe wa mgonjwa wa moyo?" Nilinyamaza siku ile. Makala hii ndiyo jibu langu.

Wazo lenyewe, na kwa nini si upuuzi

Niseme mapema: wazo hili si la wauza unga wa kupunguza kitambi. Lina msingi.

Moyo ukisimama, mtu anapoteza fahamu ndani ya sekunde 10 hadi 15. Baada ya dakika chache akiba ya nishati ndani ya seli za ubongo inakwisha, chumvi zinavuka kuta za seli ovyo, seli zinavimba. Mapigo yakirudi, damu na oksijeni vinarudi pia, lakini hapo inaanza duru ya pili ya uharibifu: kemikali kali za oksijeni, uvimbe, na mitambo ya nishati ya seli (mitokondria) iliyoumia. Ndiyo maana wengi wanaofikishwa wodini moyo ukiwa umeshaanza kupiga tena, hawafi kwa moyo. Wanakufa kwa ubongo.

Hapa ndipo ketoni zinapoingia. Kwa msomaji wa Geita nitaeleza hivi. Fikiria mawe ya dhahabu. Hayaendi mwaloni moja kwa moja kutoka duarani. Lazima yapite kwanza kwenye karasha yasagwe. Sukari nayo inapitia hatua kadhaa za kusagwa, na hatua ya mwisho kabla ya kuingia kwenye tanuri la mitokondria inasimamiwa na kimeng'enya kiitwacho pairuveti dihaidrojenesi. Tafiti za wanyama zimeonesha kwamba baada ya damu kukatika na kurudi, kimeng'enya hiki kinazorota. Karasha limekufa. Mawe yamejaa nje, sukari ipo tele kwenye damu, lakini tanuri lina njaa.

Ketoni ni mawe ambayo ini limeshayasaga. Zinapita njia nyingine na kuingia kwenye tanuri bila kugusa lile karasha bovu. Si hivyo tu. Mwaka 2013 ilichapishwa kazi inayoonesha kwamba beta-haidroksibutireti inaweza kubadili jinsi jeni zinavyosomwa, kwa namna inayoongeza ulinzi wa seli dhidi ya kemikali kali za oksijeni. Mwaka 2015 ikaja nyingine inayoonesha kuwa inazuia moja ya mitambo ya uvimbe. Na mwaka 2019, kule Aarhus, Denmark, wagonjwa 16 wenye moyo uliochoka waliwekewa ketoni hii kwa dripu, na kiasi cha damu ambacho moyo unasukuma kikaongezeka kwa kama lita 2 kwa dakika. Hilo si jambo dogo, kwa sababu moyo uliorudishwa nao huwa umechoka.

Kwa hiyo kwenye karatasi, mambo yamepangika vizuri mno. Na mimi ndipo ninapoanza kuwa na wasiwasi.

Pale hoja inapochechemea

Kasoro ya kwanza: ketoni haichomeki bila oksijeni. Sukari ina ujanja mmoja ambao ketoni hazina. Inaweza kutoa nishati kidogo hata oksijeni ikikosekana, kisha ikaacha asidi ya laktiki. Ketoni haziwezi. Maana yake ni kwamba wakati moyo umesimama kabisa, hata ujaze ketoni kwenye kila mshipa, hazitazalisha nishati yoyote. Zinaweza kusaidia baada tu ya damu yenye oksijeni kuanza kupita tena. Maandiko mengi tuliyosoma yanalisema hili kwa sentensi moja halafu yanaendelea na safari. Kwangu mimi sentensi hiyo ndiyo ingepaswa kuwa kichwa cha habari.

Hapo ndipo mfano wa Nyangalata unapovunjika. Wale watu walikosa chakula, hawakukosa hewa. Njaa na kukosa hewa ni majanga mawili tofauti kabisa kwa ubongo: moja unaweza kulivumilia kwa wiki, lingine huwezi kulivumilia hata kwa muda wa kuchemsha chai. Mwenzetu alichanganya hayo mawili, na nadhani wasomaji wengi wa habari za ketoni wanayachanganya.

Kasoro ya pili: panya waliandaliwa. Moja ya tafiti zinazotajwa sana iliwalisha panya chakula cha ketoni kwa siku 25, ndipo mioyo yao ikasimamishwa. Nyingine za zamani ziliwafungisha panya kula kwanza, kisha zikakata damu ya ubongo. Matokeo yalikuwa mazuri, sikatai. Lakini nani kati yetu anajua kwamba moyo wake utasimama Jumanne ijayo ili aanze kujiandaa leo? Kinga inayotolewa kabla na tiba inayotolewa baada ya tukio ni vitu viwili. Mtu akikuambia "ketoni zinalinda ubongo moyo ukisimama", muulize: zilitolewa kabla, au baada?

Kasoro ya tatu inatokana na hiyo ya pili. Ketoni haziingii tu kwenye ubongo kama maji kwenye mchanga. Zinabebwa na protini maalumu kwenye kuta za mishipa. Mtu aliyefunga kula siku nyingi ana ketoni nyingi kwenye damu na mwili wake umepata muda wa kuzoea kuzitumia. Mtu aliyekula ugali saa sita mchana na moyo ukasimama saa saba hana maandalizi hayo. Ukimwekea dripu, kiasi kitakachoingia kwenye ubongo kinategemea kwa sehemu kubwa utapandisha ketoni za damuni hadi wapi. Na kupandisha kuna gharama. Ukizitoa kama asidi, unamwongezea asidi mtu ambaye damu yake tayari ni chachu. Ukizitoa kama chumvi, unampa sodiamu nyingi mtu mwenye ubongo uliovimba na moyo dhaifu.

Kasoro ya nne ni yetu zaidi. Tafiti kubwa za binadamu kuhusu matunzo baada ya moyo kusimama zimefanyika hasa Ulaya, kwa watu wa umri mkubwa ambao mishipa ya moyo imeziba. Huku ukanda wa Geita na Shinyanga, mtu unayemwona ameanguka mara nyingi ni kijana: kapigwa na umeme wa pampu ya maji, kazama kwenye shimo lililojaa maji ya masika, au kashuka duarani kwenye hewa chafu. Wengi wa hawa moyo unasimama kwa sababu pumzi ilikatika kwanza. Hapa, kwa kusema ukweli, hoja inanigeukia kidogo. Panya wengi wa maabara husimamishwa moyo kwa kunyimwa hewa. Kwa maana hiyo yule panya anafanana na mchimbaji wetu kuliko anavyofanana na mzee wa Sweden. Kama kuna mahali ambapo wazo hili linastahili kupimwa kwa haki, basi huenda ni kwetu.

Tumeshawahi kupenda wazo zuri likatuumiza

Kwa nini nisiseme tu "tujaribu, tuone"? Kwa sababu ya historia.

Kabla ya ketoni kulikuwa na baridi. Mwaka 2002 yalichapishwa majaribio mawili, moja la Ulaya lenye wagonjwa 275 na lingine la Australia lenye 77, yakionesha kwamba ukiupoza mwili wa mtu aliyerudishiwa mapigo, ubongo wake unapona vizuri zaidi. Maelezo ya kibaiolojia yalikuwa matamu kama haya ya ketoni. Hospitali duniani zikanunua mashine. Mwaka 2013 likaja jaribio la watu 950, nyuzi 33 dhidi ya nyuzi 36: hakuna tofauti. Mwaka 2021 likaja la watu takriban 1,850, nyuzi 33 dhidi ya kuzuia homa tu. Baada ya miezi sita walikuwa wamekufa asilimia 50 upande wa baridi na asilimia 48 upande wa pili. Tuwe waangalifu kwenye kusoma: jaribio hilo halikusema homa haina madhara. Lilisema kwamba ile baridi kali, iliyoonekana mkombozi, haikuongeza kitu.

Na kwa watoto hali ilikuwa mbaya zaidi. Kumpoza mtoto mchanga aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa kunasaidia katika nchi tajiri, hilo limethibitishwa. Lakini jaribio la watoto 408 nchini India, Sri Lanka na Bangladesh, lililochapishwa mwaka 2021, lilikuta waliopozwa wamekufa asilimia 42, na wasiopozwa asilimia 31. Tiba ileile, ugonjwa wenye jina lilelile, matokeo ya kinyume.

Kama unadhani hayo ni ya mbali, basi rudi nyumbani. Kwa miaka mingi mtoto aliyefika hospitali akiwa na maambukizi makali na mzunguko dhaifu wa damu alipaswa, kwa vitabu vyote, kumiminiwa maji ya dripu haraka haraka. Mantiki ilikuwa wazi: damu haizunguki vizuri, ongeza maji. Jaribio lililofanyika Uganda, Kenya na Tanzania (kwetu lilikuwa Muheza, mkoani Tanga) likawachukua watoto 3,141 na kuuliza swali ambalo kila mtu alidhani lina jibu. Matokeo yalitoka mwaka 2011. Kufikia saa 48, waliomiminiwa maji walikuwa wamekufa zaidi ya asilimia 10. Ambao hawakumiminiwa, asilimia 7.3. Jambo la "kawaida" lilikuwa linaua, na Afrika Mashariki ndiyo iliyolionesha dunia.

Ninachochukua hapo si kwamba nadharia hazina maana. Ni kwamba maelezo mazuri ya jinsi kitu kinavyofanya kazi hayatoshi kuwa ushahidi kwamba kinafanya kazi kwa mgonjwa aliyelala mbele yako. Kwa ketoni, ngazi hiyo haijapandwa. Tuna kemia nzuri, tuna panya, tuna wagonjwa wachache wa moyo uliochoka. Hatuna jaribio kubwa la binadamu linaloonesha kwamba watu waliosimama moyo walipona zaidi kwa sababu ya ketoni. Makala inayoruka kutoka panya hadi "tiba yenye matumaini makubwa" imeruka ngazi ambayo baridi iliteleza ikaanguka.

Dakika za Katoro

Sasa niseme kwa nini jambo hili linanigusa.

Kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, alikuwa akifanya kazi kwenye mwalo pembeni mwa Katoro. Asubuhi moja ya masika alishika waya wa pampu uliokuwa umechubuka, miguu ikiwa kwenye tope. Umeme ulimtupa. Waliokuwepo walimpenda, hilo nina hakika nalo. Walizima jenereta, wakammwagia maji, wakampepea. Mmoja akashauri afukiwe miguu kwenye mchanga ili umeme ushuke ardhini. Kisha wakampakia kwenye bodaboda, mshikaki, katikati ya dereva na rafiki yake aliyemshika asianguke, na wakakimbia naye zaidi ya nusu saa hadi kwenye huduma. Daktari alimgusa shingoni, akamulika macho, akasema mmechelewa.

Hakuna aliyebonyeza kifua chake. Si kwa uzembe. Hakuna aliyewahi kuwaonesha.

Nimerudia hesabu hiyo mara nyingi kuliko inavyofaa. Katika moyo ulioingia kwenye mtetemeko usiosukuma damu, kila dakika inayopita bila kubonyezwa kifua na bila mashine ya kuushtua inapunguza nafasi ya kupona kwa kama asilimia 7 hadi 10. Zidisha kwa nusu saa. Ketoni zingemfaa kaka yangu dakika ya ngapi? Si dakika ya kwanza, hapakuwa na oksijeni. Si dakika ya kumi, njiani. Si dakika ya thelathini na tano, mlangoni. Hakukuwa na dakika yoyote katika asubuhi ile ambapo ketoni zingekuta kazi ya kufanya, kwa sababu dakika zao zinaanza baada ya mtu mwingine kuwa ameshafanya kazi ngumu kwa mikono yake.

Hiki ndicho ninachokiita kuuliza dakika ya ngapi. Kila tiba ina dirisha lake. Kubonyeza kifua ni dakika ya kwanza. Mashine ya kuushtua moyo ni dakika za mwanzo. Ketoni, kama zitafanya kazi, ni saa ya kwanza hadi siku kadhaa, kwenye kitanda chenye dripu, oksijeni na mtu wa kupima asidi ya damu. Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, wagonjwa wanaotoka Geita kwenda Bugando waliacha kusubiri kivuko, na hilo ni jambo kubwa kwa anayevuja damu. Kwa ambaye moyo umesimama, daraja nalo limechelewa.

Kitu ambacho kimepimwa hapahapa

Kuna atakayesema huu ni wimbo wa zamani: kila wakileta sayansi mpya, nyie mnadai gari la wagonjwa. Sidai hivyo. Nadai tulinganishe ushahidi kwa ushahidi, na bahati nzuri ukanda huu una ushahidi wake.

Mtoto mchanga anayezaliwa bila kupumua yuko karibu sana na yule mchimbaji wa kwenye hewa chafu: pumzi imekatika, moyo unafuata. Wakunga wanaita dakika ya kwanza dakika ya dhahabu, kwa sababu ndani yake mtoto akifutwa, akisisimuliwa na ikibidi kupumulishwa kwa ambu, wengi hurudi. Februari 2025 yalichapishwa matokeo ya mpango wa Safer Births, ulioongozwa kutoka Hospitali ya Haydom, katika vituo 30 vya mikoa mitano: Manyara, Tabora, Mwanza, Geita na Shinyanga. Mpango huo haukuleta dawa mpya. Ulileta mazoezi mafupi ya mara kwa mara kazini, kwa kutumia mwanasesere, pamoja na vifaa vya kufuatilia mapigo ya mtoto, kimojawapo kikiitwa Moyo. Vifo vya watoto vinavyozunguka kuzaliwa vilishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila vizazi 1,000. Angalia ukubwa wa kushuka huko. Hautoshi kuitwa muujiza, na ndiyo maana ninauamini.

Vivyo hivyo m-mama, usafiri wa dharura ulioanzia Kanda ya Ziwa, Shinyanga ikiwa miongoni mwa mikoa ya mwanzo: unapiga 115, na kama gari la wagonjwa halipo, dereva wa kawaida wa jamii aliyesajiliwa anamchukua mama au mtoto. Wazo ni rahisi, na limekwenda nchi nzima. Ila limewekwa kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Mchimbaji aliyetupwa na umeme hayumo. Sioni sababu ya kisayansi ya kumwacha nje.

Na dereva huyohuyo wa bodaboda, pamoja na wasimamizi wa maduara na mialo, wanaweza kufundishwa kwa mchana mmoja. Kata umeme kwanza kabla ya kumgusa mtu. Usimfuate mwenzako kwenye duara lenye hewa chafu, kwa sababu wengi wanakufa wakienda kuokoa. Kama haitikii na hapumui kawaida, mlaze chali mahali pagumu, bonyeza katikati ya kifua kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kwa aliyezama au aliyekosa hewa, pumzi ni muhimu pia: mbili kila baada ya mibonyezo 30. Haitaokoa kila mtu. Mbali na mashine ya kuushtua moyo, itaokoa wachache. Lakini hao wachache ndio watu pekee ambao swali la ketoni litakuja kuwahusu.

Basi ketoni tuzitupe?

Hapana. Hukumu yangu ni kwamba wazo ni zuri, limetangulia ushahidi wake, na linaelezwa kana kwamba dakika zote ni sawa.

Kuna kazi ya kiasi cha mwanafunzi wa uzamili inayoweza kufanyika huku bila kumdhuru mtu. Vipo vipimo vidogo vya ketoni vya tone la damu, vilevile vinavyotumika kwa wagonjwa wa kisukari. Kila aliyerudishiwa mapigo au pumzi, mtu mzima au mchanga, apimwe ketoni alipofika, halafu afuatiliwe aliamkaje. Hiyo haitathibitisha tiba. Mtu mwenye ketoni nyingi anaweza kuwa tofauti kwa mambo mengine mengi, kwa mfano hajala siku mbili. Lakini itatuambia kama kuna kitu cha kufuatilia, na kwa wagonjwa wetu, si wa kuazima. Likija jaribio la dripu, basi lifanyike kwenye hospitali zitakazokuja kuitumia, si lifanyike kwingine halafu tuletewe jibu.

Mwenzangu wa kikaoni, jibu langu ndilo hilo. Watu wa Nyangalata walikuwa na hewa, na walikuwa na siku 41. Kaka yangu alikuwa na kama dakika nne. Wakati wa likizo mama mkubwa aliniuliza huko chuoni nasomea nini hasa. Nikamweleza habari za ini na mafuta na ubongo, akasikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akaniomba niwaoneshe vijana wa pale nyumbani namna ya kubonyeza kifua. Tulitumia gunia la pumba. Walikuwa saba, na wawili kati yao ni madereva wa bodaboda.